Maswali Niliyomuuliza Shemeji

"Mimi naitwa Mwangangi," alimwambia mhadhiri wetu huku akivua kofia. "Nimemleta Ndila. Tunaoana Desemba."

Alisema kwa heshima, kama mtu anayeonyesha kitambulisho mlangoni. Hakujua kwamba kijana aliyesimama nyuma yetu, amebeba joho langu na vitabu vyangu viwili, ndiye niliyekuwa nikimwandikia barua kila wiki tangu chuo kifungwe. Niligeuka. Muli hakuwa ananitazama mimi. Alitazama viatu vya Mwangangi vilivyojaa vumbi jekundu la Kanyangi, kisha akatazama vyangu, vyenye vumbi lile lile.

"Hongera," Muli akasema. Akaniwekea vitabu mikononi, kimoja juu ya kingine, na joho juu yake, halafu akaondoka kuelekea kwenye korido.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, mwaka wa 1987. Hakimu wa Kitui alikuwa ametuazima chumba chake cha mahakama kwa siku moja. Tulikuwa wanafunzi wanane wa sheria, wote watoto wa Ukambani tuliokuwa likizoni, na Bwana Mutunga, aliyetufundisha uendeshaji wa kesi za jinai, hakutaka tukae mpaka Oktoba bila kufungua midomo. Kesi yenyewe ilikuwa ya kubuni. Lakini mashahidi alitaka wawe watu wa kweli, watu wa mji, kwa sababu alisema mwanafunzi akiigiza shahidi humhurumia mwenzake. Tena alitaka tuendeshe kwa Kiswahili. "Mtakuja kuwatetea watu ambao Kiingereza wanakisikia redioni tu," alituambia. "Jifunzeni kuwauliza wakaelewa."

Mimi nilikuwa wakili wa utetezi. Muli alikuwa mwendesha mashtaka. Tulikuwa tumejiandaa kwa barua, yeye akiwa kwao Kalamba, mimi Kanyangi, tukibishana kuhusu ushahidi katika ukurasa wa kwanza na kusahau kabisa habari za ushahidi kufikia ukurasa wa tatu.

Na Mwangangi? Mwangangi alikuwa mume wa dada yangu.

Kalondu alifariki mwaka uliotangulia, siku tano baada ya kujifungua. Alituachia Syokau, aliyekuwa na miaka minne wakati huo, na kichanga ambacho hakikuwa na jina bado. Baba ndiye aliyekiita Mutie. Watoto waliletwa kwa mama yangu siku ile ile ya mazishi, na Mwangangi, ambaye ni afisa wa mifugo, akawa anakuja kila Jumamosi kwa pikipiki ya kazi, analeta maziwa na sabuni, anakaa na watoto mpaka jioni. Wakati wa Pasaka baba aliniita sebuleni akiwa na wazee wawili wa kanisa. Hakupiga kelele. Alisema Mwangangi anahamishiwa Mtito Andei mwezi wa Januari, na watoto hawatakwenda kulelewa na mfanyakazi kando ya barabara ya malori. Watakwenda na mama. Halafu akanitazama, na wale wazee nao wakanitazama, na mama akaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Nilisema, "Sawa, baba." Maneno mawili tu. Niliyasema kama unavyomwambia mtu anayelia kwamba atapona.

Tangu siku hiyo waliniambia niache kumwita shemeji. Sikupata jina lingine la kumwita, kwa hivyo nikawa simwiti chochote. Asubuhi ile tulikuwa tumetoka Kanyangi hadi Kitui kwa pikipiki yake bila kuzungumza, mimi nimeshika chuma cha nyuma mpaka vidole vikafa ganzi.

Shahidi wetu mkuu, mwenye hoteli mmoja pale mjini, alikuwa ametuma ujumbe kwamba ana malaria. Bwana Mutunga akamtazama Mwangangi kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu aliyeokota kitu.

"Wewe si mwanafunzi, wala si wakili," akasema. "Unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi utanifaa. Njoo nikupe maelezo ya shahidi."

"Mwalimu," nikasema, "huyu ni... mimi ndiye nitamhoji."

"Vizuri sana," akanijibu akicheka. "Ukiweza kumhoji huyu, hakuna askari polisi atakayekushinda."

Nilimkuta Muli mwisho wa korido, amesimama mbele ya ubao wa matangazo, anasoma tangazo la mnada wa ng'ombe lililopita tangu Juni.

"Desemba hii?" akauliza bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Na mimi ningejua lini? Ningeletewa kadi?"

"Muli, si mimi niliyepanga."

"Lakini ulijua."

"Tangu Pasaka."

"Barua zako zote za tangu Pasaka ninazo. Nimezisoma mpaka zimechanika kwenye mikunjo." Sauti yake ilikuwa chini sana, na hilo liliniuma kuliko kama angenifokea. "Uliandika uongo?"

"Kila neno ni kweli."

"Isipokuwa neno moja ambalo hukuliandika."

Nilimshika mkono wa shati. "Yule ni mume wa Kalondu."

Ndipo akageuka. Alikuwa amekuja kumzika Kalondu pamoja na wanafunzi wenzetu. Nilimwona akikumbuka.

"Yule aliyekuwa amemshika mtoto mchanga pale kaburini? Aliyekataa kumpa mtu mwingine ambebee?"

"Ndiye."

Kama Mwangangi angekuwa mzee mwenye kitambi na duka la jumla, Muli angejua la kufanya. Angemchukia, na mimi ningemchukia pamoja naye, na tungekuwa wawili dhidi ya mmoja. Lakini hakukuwa na mtu wa kumchukia.

"Unampenda?"

"Ni shemeji yangu."

"Sikuuliza ni nani wako."

Karani akatoa kichwa mlangoni, akaita kesi.

Kesi ilikuwa hivi. Ndululu, dereva wa lori, anashtakiwa kwa kumkata panga mlinzi wa kituo cha petroli huko Mtito Andei. Shahidi ni mwenye hoteli iliyo ng'ambo ya barabara. Anasema alimwona Ndululu akikimbia kutoka kituoni. Wakimwamini shahidi, Ndululu anafungwa.

Mwangangi alipanda kizimbani akiwa ameshika karatasi ya maelezo kwa mikono miwili. Bwana Mutunga aliketi kwenye kiti cha hakimu, miwani puani. Watu wa mji kama ishirini walikuwa wamekuja kutazama, wengi wao wakitoka sokoni, vikapu miguuni.

Muli akasimama. "Shahidi, iambie mahakama jina lako."

"Niseme langu ama hili la kwenye karatasi?"

Watu wakacheka. Nilingoja Muli amwaibishe, maana nafasi alikuwa nayo. Badala yake akatabasamu kidogo, akasema, "La kwenye karatasi, mzee. Usiwe na haraka." Alimwongoza taratibu, swali baada ya swali: ulikuwa wapi, ulifanya nini, uliona nini. Mwangangi alipokaukiwa na sauti, Muli mwenyewe alimpelekea glasi ya maji. Nilimtazama akivuka chumba kile na glasi mkononi, akimpelekea maji mwanamume aliyepewa mimi, na nikampenda kwa namna iliyonifanya nitamani kutoka nje. Lakini mlango ulikuwa nyuma ya watu wote wale, na joho lilikuwa zito mabegani, na zamu yangu ilikuwa imefika.

Bwana Mutunga alikuwa ametufundisha kwamba shahidi wa upande wa pili haulizwi maswali ya wazi. Unampa maswali ya ndiyo au la, mafupi, moja moja, kama ng'ombe wanaoswagwa kuelekea kwenye josho: ua huku, ua kule, mpaka hakuna nafasi ya kugeuka.

"Mlango wa hoteli yako unatazama machweo?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa yapata saa kumi na mbili jioni?"

"Ndiyo."

"Kwa hivyo jua lilikuwa machoni pako."

"Ndiyo."

"Na kati yako na kituo cha petroli, malori mawili yalikuwa yamesimama."

"Ndiyo."

"Ulichokiona ni mgongo wa mtu anayekimbia."

"Ndiyo."

Kila ndiyo ilitoka chini kidogo kuliko iliyotangulia. Kwa miezi minne nilikuwa nimekwepa kumtazama usoni. Sasa ilinibidi nimtazame, maana ndivyo tulivyofundishwa, na niliona kwamba alikuwa amekonda, na kwamba kola ya shati lake ilikuwa imeshonwa na mtu asiyejua kushona. Alikuwa ameishona mwenyewe.

"Hukumwona uso."

Kwenye karatasi yake jibu lilikuwa, niliuona kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisoma. Mwangangi akaangalia karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka mbele yake.

"Hapana," akasema. "Uso sikuuona."

Hapo ndipo nilipopaswa kuketi. Kesi nilikuwa nimeishinda. Lakini mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka.

"Basi kwa nini ulisema ni yeye?"

"Kwa sababu walikuwa wameshasema ni yeye kabla mimi sijaulizwa. Watu wazima. Watu ninaowaheshimu. Waliponigeukia, nikasema ndiyo."

"Hukuwaambia kwamba hujui?"

"Nilikuwa nimechoka, wakili." Hakuwa akizungumza na mahakama tena. "Nilikuwa na msiba wangu. Mtu akiwa katika hali ile, akiambiwa simama hapa, anasimama."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akicheka akaacha. Nyuma yangu nilisikia kiti cha Muli kikisogea.

"Endelea, wakili," akasema Bwana Mutunga.

"Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Baadaye, alipokuwa akitukosoa mmoja mmoja, alisema nilikuwa nimemfikisha shahidi pale pale nilipomtaka, kisha nikamwonea huruma. Aliandika hivyo kwenye daftari langu, akapigia mstari. Nilikuwa natazama dirishani. Nje, uani, Mwangangi alikuwa ameinama kwenye pikipiki yake akikaza kitu ambacho hakikuwa kimelegea.

Nilitoka nikamwendea.

"Shemeji," nikasema.

Aliinua kichwa. Sijui kama ni jina lenyewe ama ni vile nilivyolisema, lakini mabega yake yalishuka.

"Nina swali moja. Si la karatasi. Unataka kunioa?"

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Wewe ni mtu mzuri, Ndila. Watoto wanakupenda."

"Ndiyo au hapana."

"Hapana."

Alilisema haraka, kama mtu aliyelibeba kwa muda mrefu akitafuta pa kuliweka. Kisha akakaa kwenye jiwe kando ya ukuta, kofia magotini.

"Una sauti yake," akasema. "Ukimwita Syokau uani, mimi nageuka kila mara. Kila mara, Ndila. Nitaishije na wewe nyumba moja? Nitakuwa namtafuta yeye ndani yako mpaka nikuchukie."

Nililia. Sikulia kwa sababu ya mapenzi. Nililia kwa sababu hakuna mtu mwingine nyumbani kwetu aliyethubutu kusema bado anamsikia.

"Basi tuwaambie," nikasema. "Leo. Sisi wawili."

"Siwezi."

"Umeniambia mimi!"

"Wewe huwezi kunifungia lango la nyumba ile. Sikiliza." Alinyanyua mkono kunituliza. "Ukikataa wewe, baba yako atakasirika, lakini mimi nitabaki mwana wa nyumba. Watoto wakibaki pale, nitakuja Jumamosi kama kawaida, hata nikiwa Mtito Andei. Nikikataa mimi, atasema nimeikataa nyumba yake na kaburi la mtoto wake. Sitaingia hata lango. Nitakuwa nawaona watoto wangu kanisani, viti kumi mbele yangu."

"Kwa hivyo nikatae mimi."

"Sikukuomba. Mbele ya Mungu, sikukuomba hivyo."

Hakuniomba, ni kweli. Lakini alikuwa amenionyesha chumba kizima na mlango wake mmoja, na mlango huo ulikuwa mimi.

Muli alitufuata pale, joho lake begani. Alisimama mbali kidogo, akingoja kuruhusiwa. Mwangangi akainuka, akampa mkono.

"Uliniuliza vizuri kule ndani," akamwambia. "Asante kwa maji." Akatuacha, akaenda kusimama barabarani akitupa mgongo.

"Twende Nairobi," Muli akasema mara moja. "Leo. Dada yangu ana nafasi pale Eastleigh, utakaa naye mpaka chuo kifunguliwe."

"Halafu?"

"Halafu nitakuja na wazee wangu kwenu, kwa njia inayofaa."

"Kwa baba gani, Muli? Yule nitakayekuwa nimemtoroka?"

"Basi nije leo. Nipande pikipiki hiyo hiyo, nizungumze naye."

"Ukija leo atasema nimekataa kwa sababu yako. Atakuchukia maisha yake yote. Niache niseme peke yangu kwanza."

Alinyoosha mkono, akanifuta vumbi kwenye shavu kwa kidole gumba, pale machozi yalipokuwa yamelifanya tope. Hakuwahi kunigusa hadharani kabla ya siku hiyo.

"Niko kwa mjomba wangu hapa Kitui mpaka Jumatatu," akasema. "Basi ya Nairobi inaondoka saa mbili asubuhi. Usipokuja nitajua."

"Utajua nini?"

"Sijui. Nitajua."

Tulifika nyumbani jua likielekea kuzama. Baba, Mzee Nzuki, alikuwa ameketi sebuleni na Biblia yake, miwani imefungwa kwa uzi. Mama yangu, Mwaitu, alinipokea kwa kuniwekea Mutie mapajani kabla sijavua viatu. Alifanya hivyo siku zote, kama vile mtoto huyo alikuwa na mahali pake na mahali hapo ni mimi. Syokau alimkimbilia baba yake, akakaa sakafuni akiegemea mguu wake.

"Umeshinda kesi?" baba akaniuliza.

"Nimeshinda, baba."

"Mungu ni mwema."

"Baba, nataka kuzungumza nawe kuhusu Desemba."

Aliifunga Biblia, kidole kikiwa ndani kuweka ukurasa.

"Sitaki kuolewa na Mwangangi. Nilisema sawa wakati wa Pasaka kwa sababu mama alikuwa analia. Nilikosea kusema. Nitawasaidia watoto hawa maisha yangu yote, nitawasomesha, nitakuja kila likizo. Lakini mke wake siwezi kuwa."

Hakupandisha sauti. "Umekwenda mahakamani siku moja, umerudi unaniongelesha kama hakimu."

"Nakuongelesha kama baba yangu."

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mwiko mkononi. "Ndila," akasema. "Mimi sikuzaa wasichana kumi. Nilizaa wawili. Nikikuona na hao watoto, napata usingizi. Ukiwaacha, nitakuwa nimemzika Kalondu mara ya pili."

"Mwaitu, mimi si Kalondu."

"Najua wewe si Kalondu!" Alipiga kelele, kisha akajifunika mdomo kwa mkono, kama aliyemwagikiwa na kitu cha moto.

Baba akamgeukia Mwangangi. "Wewe ndiye mwenye jambo. Mwanangu, sema. Unamtaka ama humtaki?"

Nilimtazama Mwangangi. Yeye alitazama chini, kwenye kichwa cha Syokau. Msichana alikuwa amechoka na joto la siku, amelala, mdomo wazi, mkono mmoja umezunguka kifundo cha mguu wa baba yake.

"Namtaka, baba," akasema.

Chumba kizima kilinigeukia.

Nilikuwa nayo maswali yote. Yalinijia yenyewe, yamepangwa. Leo saa nane mchana ulikuwa uani pa mahakama? Ulikuwa na mimi? Nilikuuliza swali moja? Maswali matatu tu, na Mwangangi angeanguka pale pale mbele ya baba, maana hajui kudanganya. Hata wakati ule masikio yake yalikuwa yamewaka. Ningekuwa huru kabla chakula hakijaiva. Na Jumamosi ijayo lango lingefungwa, na Syokau angekaa uani akisikiliza pikipiki isiyokuja.

"Umemsikia?" baba akaniuliza. "Una la kumwuliza?"

"Sina," nikasema. "Yeye hana kosa. Ananitaka, mimi ndiye simtaki. Usimlaumu kwa lolote, baba. Ni mimi."

Mwangangi alifumba macho.

Baba akavua miwani.

"Jumatatu utarudi Nairobi," akasema. "Usingoje chuo kifunguliwe. Ukibadilisha moyo, utaandika, na mimi nitakuja kukuchukua mwenyewe. Kama hujabadilisha, usije hapa likizo kuwachezea watoto halafu uwaache wakikulilia. Walishaachwa mara moja."

"Baba, nikija tu kuwaona..."

"Nimesema, Ndila."

Jumatatu Muli angekuwa kituoni, na ningemkuta. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, chote, bila hata kukikimbilia. Nilijaribu kufurahi. Nilitafuta mahali ndani yangu pa kufurahia, nikakosa.

Mwaitu aliweka mwiko juu ya meza. Akaja mpaka mbele yangu, akainama, akanyoosha mikono. Mutie alishika kitambaa cha gauni langu kwa ngumi yake ndogo. Mama akamfungua vidole, kimoja baada ya kingine, taratibu, bila kunitazama, akamchukua.